Rika Lilizeeka Pamoja

Kwetu Kericho na Bomet, umri wa mwanamume wa Kipsigis ulitajwa kwa ipinda, yaani rika alilotahiriwa nalo: Maina, Chumo, Sawe, Kaplelach. Rika zima lilitoka ujanani likaingia uzeeni pamoja. Neno usiloweza kulitamka mbele ya mwanao, ulimwambia mwenzako wa rika.

Miaka ya 1920 mashamba makubwa ya chai yakaingia, na vibarua wake. Hapo mwanamume akaanza kupimwa kwa uzito wa majani aliyochuma. Ukiishiwa nguvu, umeisha.

Mwaka 1998 Marekani ikaidhinisha Viagra. Leo nawajua wazee wanaonunua tembe kama hizo kimyakimya. Ukiwauliza, wanasema ni mgongo tu. Kumbe nguvu za kiume zikipungua, pengine ni kisukari au presha inayobisha hodi. Na tembe hizo zikichanganywa na dawa za moyo zenye naitreti, presha huporomoka, mtu akafa.

Mimi naona hospitali peke yake haitoshi. Mzee atapimwa kisukari, presha na tezi dume siku mwenzake wa rika atakapomwambia, "Mimi nimeshapimwa. Twende."