Maziwa Peke Yake Hayakutosha

Mwaka 1958, Harry Harlow wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliwasimulia wanasaikolojia wenzake wa Marekani habari za vitoto vya tumbili. Wakati ule wengi wao walishikilia kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu ndiye anayemlisha. Harlow alikuwa amewatenga watoto hao na mama zao saa chache tu baada ya kuzaliwa, akawawekea mama bandia wawili: mmoja wa waya mtupu, mwingine aliyevishwa kitambaa laini. Hata chupa ya maziwa ilipofungwa kwenye waya, mtoto alikwenda kunyonya, akishiba anarudi mbio kung'ang'ania kitambaa.

Kitambaa nacho hakikulea. Watoto wale walikua wakijikumbatia na kuyumbayumba, hawajui kuishi na wenzao. Majike kati yao walipozaa, baadhi waliwapuuza watoto wao, wengine wakawaumiza.

Katika miaka ya 1970, huko Tsavo Mashariki nchini Kenya, Daphne Sheldrick alifikia hitimisho hilohilo kwa njia nyingine. Kwa miaka mingi ndama wachanga wa tembo walikuwa wakimfia mikononi, kwa kuwa mafuta ya maziwa ya ng'ombe hayapatani nao. Hatimaye alipata mchanganyiko wenye mafuta ya nazi, na yatima aliyeitwa Aisha akanawiri kwa miezi kadhaa. Kisha Daphne akasafiri kwenda kwenye harusi ya binti yake. Maziwa yalikuwepo, mlezi wa muda alikuwepo. Aisha alikataa kula, akafa.

Kilichokuwa kikitokea kichwani kilikuja kufahamika kwa panya. Seymour Levine alikwisha kuonyesha katika miaka ya 1950 kwamba vitoto vinavyoondolewa kiotani kwa dakika chache kila siku hukua watulivu kuliko visivyoguswa. Baadaye ikaonekana kuwa vinavyotengwa saa tatu kila siku hukua na hofu nyingi. Mbona kutengwa kulekule kulete matokeo mawili? Michael Meaney na wenzake wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walitazama kile mama anachofanya watoto wanaporudishwa kiotani: kuwalamba.

Mnyama akishtuka, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni za msongo. Homoni hizo zikifika kwenye hipokampasi ya ubongo hunaswa na vipokezi, na amri ya kupunguza hutoka. Mwaka 1997 kundi la Meaney lilionyesha kwamba panya waliolambwa sana utotoni wana vipokezi vingi zaidi, hivyo breki yao hushika upesi. Mwaka 2004 likaeleza jinsi inavyokuwa: ulambaji wa wiki ya kwanza hubadili alama za kikemikali juu ya jeni inayotengeneza vipokezi hivyo. Tena, mtoto wa mama asiyelamba, akilelewa na mama wa kambo anayelamba, hupata alama za huyo aliyemlea.

Daphne hakuwa na maabara, ila kifo cha Aisha kilimfundisha kanuni inayofuatwa mpaka leo katika kituo cha yatima wa tembo Nairobi: walezi hulala na ndama, na hupokezana zamu usiku baada ya usiku, ili ndama apate familia nzima ya kushikamana nayo na asimtegemee mtu mmoja anayeweza kuondoka.