Kuchagua kitabu cha ngumi na mateke kwa michezo ya mezani: msirudie kosa langu

Juzi kijana mmoja kaniuliza: "Kaka, tumeanza kucheza ile michezo ya hadithi na dadu, sasa tunataka kung fu ya ukweli. Tununue kitabu gani?" Nikaona jibu ni refu, bora nilimwage hapa kila mtu afaidi. Kama uko kafe na dakika zako zinakatika, ruka moja kwa moja kwenye maswali manne hapo chini.

Kwa wale wageni wa mada hii, michezo ninayosema ni ya mezani, haitaki kompyuta. Mtu mmoja ndiye msimulizi, anaeleza mazingira na kuwaongoza maadui. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake kwenye karatasi. Ukitaka kufanya jambo gumu unarusha dadu, na dadu ndiyo inaamua. Mchezo uliofungua njia ni Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, uliotoka Marekani mwaka 1974. Kitabu cha nyongeza ni kile kinachoongeza kanuni juu ya kitabu kikuu. Na mambo ya mapigano yaliingia mapema tu: mwaka 1975 Arneson alitoa nyongeza iitwayo Blackmoor, humo ndimo alimoingia mtawa anayepigana mikono mitupu.

Kosa lenyewe

Kundi letu lilikuwa la watu watano, tunakutana Jumapili mchana barazani kwa mshikaji mmoja pale Magomeni. Wote tumekulia kwenye vibanda vya video, filamu za Bruce Lee na Jackie Chan tumezimaliza, kwa hiyo hamu ya ngumi ilikuwepo toka siku ya kwanza. Msimulizi nilikuwa mimi. Tukachanga hela, binamu yangu aliyekuwa nje akatuletea kitabu kinene cha mapigano. Jina lake naliacha, maana kitabu hakikuwa na ubaya wowote. Tatizo lilikuwa mimi, nilichagua kwa kuhesabu mitindo. Niliona orodha ndefu nikasema hiki ndicho.

Jumapili ya kwanza ugomvi mmoja tu wa gengeni ulichukua saa mbili na nusu. Wapiganaji wawili walifurahi kichizi, kila teke lina jedwali lake. Lakini dada mmoja mhusika wake alikuwa mganga, hajui kupiga hata kofi. Mchana mzima alirusha dadu mara tatu. Jumapili ya pili alikuja na kitambaa chake cha kudarizi. Ya tatu hakuja. Ya nne tulikuwa wawili, mimi na mwenye baraza, tukanywa chai tukaagana.

Sasa haya ndiyo maswali ambayo ningejiuliza kabla ya kutoa hata shilingi.

1. Kitabu kikuu chenu ni kipi?

Nyongeza haitembei peke yake. GURPS Martial Arts inataka muwe na GURPS, na nyongeza ya Dungeons & Dragons inataka muwe na toleo lake lile lile. Toleo ni jambo la kuangalia sana. Mtawa wa kitabu cha mwaka 2014 anaanza na dadu ya pande nne kwa ngumi zake, wa mwaka 2024 anaanza na ya pande sita. Ukichanganya matoleo utagombana na wenzako kabla hujagombana na adui.

Vingine ni michezo kamili. Ninjas & Superspies ya Erick Wujcik, iliyotolewa na Palladium mwaka 1988, ina mitindo zaidi ya 40 na inajitegemea. Feng Shui ya Robin D. Laws ya mwaka 1996 nayo inajitegemea. Ukinunua hiyo ujue unahama nyumba, si kwamba unaongeza chumba.

2. Mnataka pambano la kweli au la sinema?

Hapa ndipo penye kazi. GURPS iko upande wa ukweli. Zamu moja kwenye pambano ni sekunde moja. Unarusha dadu tatu za pande sita, na jumla ikiwa sawa au chini ya kiwango chako umefaulu. Tuseme karate yako ni 12. Ngumi itafaulu mara 160 kati ya 216, yaani kama asilimia 74. Teke linapunguziwa 2, kwa hiyo unahitaji 10 au chini, na hiyo ni asilimia 50 kamili. Teke linaumiza zaidi, lakini likikosa inabidi urushe tena kuona kama hujaanguka. Anayependa kupima na kuchagua hapo kafika. GURPS Martial Arts ya mwaka 2007, ya Peter Dell'Orto na Sean Punch, ina kurasa 256 za mambo hayo, kuanzia judo hadi capoeira. Inaruhusu pia mambo ya sinema, ila mkubaliane mapema.

Feng Shui iko upande wa pili kabisa, imetengenezwa kwa kufuata filamu za Hong Kong. Unachagua mhusika ambaye tayari ameshaandaliwa. Unarusha dadu mbili, moja ya heri na moja ya shari, unatoa ya pili kwenye ya kwanza. Wale vibaka wasio na jina wanaanguka kwa pigo moja safi, hakuna kuhesabu majeraha yao. Toleo la pili lilitoka mwaka 2015.

Dungeons & Dragons iko katikati. Mtawa ana pointi za nguvu ya ndani. Katika kitabu cha 2014 anatoa pointi moja anaongeza ngumi mbili, au anatoa moja kumduwaza adui. Hakuna majedwali mengi, na mtu anaelewa kwa siku moja.

3. Asiyepigana atafanya nini?

Hili sikujiuliza, na ndilo lililovunja baraza letu. Fungua kitabu, tafuta sehemu inayosema chochote kwa mtu asiye mpiganaji. Kama hakuna, basi msimulizi ujiandae: mganga ajue mahali pa kubonyeza ili mkono ufe ganzi, mfanyabiashara aweze kuwanunua vibaka wawili katikati ya ugomvi. Kama wewe msimulizi huna muda wa kuandaa hivyo, chukua kitabu chepesi. Kadiri kanuni za ngumi zinavyozidi, ndivyo zamu ya mpiganaji inavyorefuka na mwingine anavyokaa bure.

4. Kinaeleza sanaa ya watu au kinawachanganya?

Oriental Adventures ya mwaka 1985 ilikuwa na kanuni tamu za kujitungia mtindo wako wa mapigano, wengi waliipenda. Lakini ilikorofishana na wasomaji wengi wa asili ya Asia kwa kuchanganya Japani, China na kwingineko kama chungu kimoja. Mwaka 2020 wenye mchezo waliweka tahadhari kwenye nakala za kidijitali za vitabu vyao vya zamani. Na sisi tujiulize, mtu wa mbali akiandika kitabu kinachochanganya Wamasai, Wazulu na Waswahili kama kabila moja tutafurahi? Chukua kanuni, ila soma kidogo kuhusu watu wenyewe.

Jaribu kabla ya kununua

Habari njema, majaribio ni bure. GURPS Lite ni kurasa 32 tu, inapakuliwa kihalali bila malipo. Kanuni za msingi za Dungeons & Dragons, mtawa akiwemo, zimekuwa huru kwa leseni ya Creative Commons tangu Januari 2023. Hizo ni ndefu, kwa hiyo printi kurasa za mtawa na za mapigano tu. Weka kwenye flashi, nenda nazo nyumbani.

Halafu chezeni pambano moja: watu wenu wote dhidi ya vibaka watatu. Weka saa mezani. Pima kila mtu anasubiri dakika ngapi hadi zamu yake. Sisi sasa mwisho wetu ni dakika tano. Ikizidi, kitabu kinene kitazidisha tu.

Lile dude letu bado lipo. Tumechagua mitindo miwili tu, nikaiandika kwenye karatasi moja, mengine tumeyafunga. Nilimpigia yule dada simu nikamwomba radhi, nikamwambia mganga wake sasa ana kazi. Alirudi wiki iliyofuata, na pambano la kwanza ni yeye aliyelimaliza. Mwenzetu wa tano hajarudi mpaka leo, kiti chake kipo.

Haya wadau, nyie mnachezea kanuni zipi, na mganga wenu anafanya nini watu wakizipiga? Mwageni maoni hapo chini. Tuko pamoja.