Neno na Adhabu Yake: Somo Kutoka Arusha

 

Wazee walisema, heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi. Siku hizi mtu akijikwaa ulimi, neno lake huenea katika simu za watu kabla jua halijatua. Maelfu wasiomjua humtukana, humsusia, na hudai afukuzwe kazi. Je, adhabu ya neno yapasa kuwa kiasi gani? Swali hili lina historia ndefu chini ya Mlima Meru.

Tuanze na Waarusha, wakulima wa miteremko ya mlima huo. Bwana P. H. Gulliver, mtaalamu kutoka Uingereza, alichunguza katika miaka ya 1950 namna walivyomaliza magomvi yao. Aliona kwamba katika mabaraza yao hapakuwa na hakimu wa kutoa amri. Mlalamikaji alikuja na watu wa ukoo na rika lake, na mlalamikiwa vivyo hivyo. Walizungumza na kupunguziana madai mpaka wapatane. Angalieni jambo moja: mlalamikiwa hakusimama peke yake mbele ya umati.

Haya, sasa tuje mjini. Umoja wa Mataifa uliweka Arusha mahakama ya kuhukumu mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994. Tarehe 3 Desemba 2003, mahakama hiyo iliwatia hatiani watu watatu, wawili wa redio ya RTLM na mmoja wa gazeti la Kangura. Redio hiyo ilikuwa ikitaja watu kwa majina na kuchochea wauawe. Watatu hao walikata rufani. Mwaka 2007 baadhi ya makosa yao yalifutwa na vifungo vikapunguzwa, lakini hatia ilibaki.

Baadaye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo nayo imo Arusha, ilisikiliza kesi ya Lohé Issa Konaté, mwandishi wa Burkina Faso. Mwaka 2012 alihukumiwa kifungo cha miezi 12 kwa habari zilizomshutumu mwendesha mashtaka wa serikali. Tarehe 5 Desemba 2014 mahakama iliamua kwamba kumfunga mtu kwa kosa la kashfa ni kuvunja uhuru wake wa kusema. Gereza, ilisema, libaki kwa mambo mazito kabisa, kama kuchochea chuki au mauaji.

Basi hukumu hizo mbili hazipingani. Neno linalowatuma watu kuua si sawa na neno linalomchukiza mkubwa.

Sasa turudi kwa umati wa kwenye simu. Kususia si kosa. Hakuna anayelazimika kununua bidhaa dukani kwa mtu aliyemtukana, na kumjibu msemaji ni sehemu ya uhuru huo huo. Shida ni kwamba umati hauna kipimo. Haumwiti mtu ajieleze, hautofautishi mzaha na uchochezi, wala hauweki siku ya adhabu kwisha. Hata wale watu wa RTLM na Kangura walisikilizwa, wakapewa nafasi ya rufani. Aliyehukumiwa na umati atakata rufani kwa nani?

Tena hasara si yake peke yake. Wanaotazama hujifunza kunyamaza. Aliyeona fedha za mradi wa maji zikiliwa huuma ulimi wake, na kijiji kizima hukosa maji.

Kwa hiyo, kabla ya kumsusia mtu, tujiulize: Amesema nini hasa? Je, neno lake linamtia mtu hatarini, au limetuudhi tu? Amepata nafasi ya kujieleza? Na akitubu, atarudi kwa njia gani?

Maswali ya kuzungumza katika vikundi:

1. Kwa nini mahakama za Arusha zilitofautisha uchochezi na kashfa?

2. Taja faida moja na hatari moja ya kususia.

3. Katika mtaa wenu, mtu aliyesema vibaya husikilizwa wapi?