Bima ya Dhima kwa Injinia wa Ndege Anayejitegemea

Uwanja wa ndege wa Wilson, jijini Nairobi, unapakana kwa karibu na Kibera. Jina lake linatokana na Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka 1929. Ndege ndogo huondoka hapo kupeleka watalii mbugani, madaktari wa AMREF kwa wagonjwa wa mbali, na mizigo Somalia na Sudan Kusini. Mainjinia wanaozitengeneza wengi wameajiriwa, ila wapo wanaojitegemea: huitwa kazi inapotokea, hulipwa, kisha huhamia hanga nyingine.

Bima ya dhima ni mkataba ambao kampuni ya bima huahidi kulipa fidia anayodaiwa mwenye bima kisheria kwa kumdhuru mtu mwingine au kuharibu mali yake, pamoja na gharama za wakili. Haimlipi mwenye bima hasara yake mwenyewe. Injinia aliyefunga pampu vibaya hatalipiwa pampu mpya wala saa za kuirudia kazi. Kinacholipiwa ni madhara yaliyosababishwa na pampu hiyo.

Kinachomweka injinia hatarini ni saini yake. Tazama kazi ndogo kabisa, kubadilisha oili ya Cessna 206. Akishakaza kizibo cha chini ya injini, hupitisha waya mwembamba kwenye tundu lake, akausokota kwa koleo kuelekea upande wa kukaza, ili mtikisiko usikilegeze kizibo. Kisha huandika katika kitabu cha kumbukumbu za ndege tarehe, saa ambazo ndege imeruka, kazi iliyofanyika na nambari ya leseni aliyopewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, halafu hutia saini. Waya ule ukisahauliwa, kitabu kinasema nani alisahau.

Fundi wa gari wa Kawangware hana kitabu cha namna hiyo. Akiharibu breki na gari likagonga mtu, Sheria ya Bima ya Magari, Sura 405, humwangalia mwenye gari, ambaye ndiye aliyelazimishwa kukata bima, na kampuni yake ya bima hubanwa kulipa hadi shilingi milioni 3 kwa kila mdai. Fundi hutafutwa kwa nadra: hakuna karatasi inayomtaja, na hata akipatikana, hana cha kuchukuliwa.

Mazoea hayo ndiyo yanayowaponza mainjinia wengi, kwa kudhani kwamba bima ya mwenye ndege inawafunika na wao. Haiwafuniki. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya ni mwanachama wake, unamtaka msafirishaji awe na bima ya kutosha na alipe bila kubishana juu ya kosa hadi kiwango fulani, lakini kifungu cha 37 kinamwachia haki ya kumgeukia mtu wa tatu aliyesababisha ajali. Kampuni ya bima ikishalipa, husimama mahali pa mwenye ndege na kudai kwa jina lake. Hata mwajiriwa hakusalimika Uingereza mwaka 1957, katika kesi ya Lister dhidi ya Romford Ice. Dereva alimgonga baba yake, mfanyakazi mwenzake, akirudisha lori nyuma. Bima ikamlipa baba, kisha ikamdai mwana kwa jina la mwajiri wake, na Baraza la Mabwana likakubali. Kama ilimpata mwajiriwa, anayejitegemea ana kinga gani? Dawa ya bei nafuu ni kumtaka mwenye ndege, kabla spana haijashikwa, aijulishe kampuni yake ya bima na kupata kwa maandishi kwamba haitamgeukia injinia.

Bima yenyewe huja kwa sehemu. Moja inahusu ndege ya mteja ikiwa mikononi mwa injinia: imeangushwa kwenye jeki, imegongwa ikivutwa. Nyingine, iliyo muhimu zaidi, inahusu kazi iliyokwisha, ndege ikiwa imesharuka. Anayeinunua ya kwanza pekee amelinda hanga na kuiacha anga. Si rahisi pia kukimbilia kampuni ya ng'ambo kwa kuwa bei yake ni nzuri, kwani Sheria ya Bima, Sura 487, inataka idhini ya Kamishna wa Bima kwanza.

Mipaka isomwe kwa makini. Mikataba ya bima ya anga kwa kawaida huondoa hatari za vita, isipokuwa zimenunuliwa kando. Hili si jambo la vitabuni kwa watu wa Wilson: tarehe 4 Mei 2020 ndege ya mizigo ya Kenya ilitunguliwa Bardale, Somalia, na watu 6 wakafa. Injinia anayetumwa huko kufufua ndege iliyokwama aulize kama mkataba wake unavuka mpaka. Kazi nje ya leseni na vipuri visivyo na karatasi navyo huwa sababu za kunyimwa malipo.

Halafu kuna muda. Madai ya uzembe yana miaka 3 chini ya Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura 22, lakini huhesabiwa kuanzia madhara yanapotokea, si siku ya saini. Kazi ya mwaka 2020 yaweza kuua mwaka 2026. Baadhi ya mikataba hulipa tu madai yanayoletwa bima ikiwa bado hai, hivyo mzee aliyestaafu na kuacha kulipia anabaki uchi. Anunue nyongeza ya kufunika madai yatakayoletwa baadaye kwa kazi za miaka iliyopita, na nakala za kurasa alizosaini azitunze.

Bima hii haimgusi kijana wa Laini Saba, Kibera, aliyeitwa na injinia kibarua cha kuosha ndege akateleza bawani. Kwa kijana huyo, injinia ni mwajiri, na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 inamtaka akate bima nyingine.