Zumari ya Unguja na Wachezaji Wake

Msemo niupendao kuliko yote ni huu: ipigwapo zumari Unguja, hucheza walio Maziwa Makuu. Kila mwaka huuandika ubaoni katika mhadhara wangu wa kwanza, kisha huwataka wanafunzi waitazame ile “hu-” ya mazoea. Aliyeutunga hakuona haja ya kusema “kwa sasa”.

Alikuwa na sababu. Kufikia miaka ya 1840 Seyyid Said alikwisha kuhamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, na misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipita Tabora, ikafika Ujiji, kisha ng’ambo ya Ziwa Tanganyika. Bei ilipopanda Unguja, watu wa Manyema waliijua kwa uchungu. Methali ni hodari wa kuficha: wengi kati ya hao “wachezaji” walikuwa na minyororo shingoni.

Mwaka 1873 Sultani Barghash, akitishiwa na manowari za Waingereza, alikubali kulifunga soko la watumwa. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa bila yeye, wakamwachia visiwa, ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi, na miji michache ya kaskazini. Mwaka 1890 Zanzibar ikawa chini ya himaya ya Uingereza. Tarehe 27 Agosti 1896 mizinga iliipiga kasri, na vita vikamalizika kwa muda usiofika saa moja. Mihadhara yangu mingine ni mirefu kuliko hivyo.

Huwaomba watumishi wa umma wanaonisoma wapige hesabu kidogo. Kutoka 1873 hadi 1890 ni miaka 17. Karani aliyeajiriwa forodhani akiwa na umri wa miaka 20 aliushuhudia utawala aliodhani ni wa milele ukigeuka kivuli kabla yeye mwenyewe hajatimiza miaka 40. Kila asubuhi, nadhani, alilikuta daftari lake pale pale mezani, na kila hatua ilielezwa kuwa ni ya kupita tu.

Lakini kilichodumu nacho kinashangaza. Katika miaka ya 1920, chini ya Waingereza, lahaja ya Kiunguja ilifanywa msingi wa Kiswahili sanifu. Sultani alikwisha kunyang’anywa zumari. Lugha ya mitaa yake ikaendelea kusikika bara, ikapigwa na wengine, kwa madhumuni mengine. Baadaye wapigania uhuru wa Tanganyika waliitumia kuwafukuzia wale wale walioisanifu.

Muhula uliopita niliuliza darasani kama msemo ule bado una ukweli. Mwanafunzi mmoja kutoka Kigoma akanyosha mkono.

“Mwalimu, siku hizi muziki unapigwa Dar es Salaam na Kinshasa. Wanaocheza ni Unguja.”

Darasa lilicheka. Nikachukua chaki, nikaliandika jibu lake chini ya msemo.