Maneno Mbele ya Askari: Historia ya Maelezo ya Kukiri Kosa kutoka Madras hadi Afrika Mashariki

Katika kesi nyingi za mauaji zinazosikilizwa na Mahakama Kuu ya Tanzania hufika wakati ambapo shauri lenyewe husimama. Mwendesha mashtaka huomba kupokelewa kwa maelezo ya onyo yaliyochukuliwa kituoni. Wakili wa utetezi hupinga kwa hoja kwamba mteja wake aliteswa. Jaji huliweka kando shauri kuu na kufungua kesi ndani ya kesi, ambamo jambo moja tu huamuliwa: je, maneno hayo yalitolewa kwa hiari? Makala haya yanafuatilia chimbuko la swali hilo. Yanadai kwamba kanuni inayolizaa haikutokana na huruma kwa mshtakiwa pekee. Ilitokana zaidi na kutomwamini askari, na historia yake katika Afrika Mashariki ni historia ya mabishano kuhusu askari yupi aaminiwe.

Chanzo chake kiko India. Mwaka 1855 tume iliyochunguza madai ya mateso katika jimbo la Madras ilitoa taarifa iliyowaaibisha watawala: watoza kodi na polisi, ambao mara nyingi walikuwa watu walewale, walikuwa wakiwatesa raia ili kupata fedha na kukiri kosa. Sheria ya mwenendo wa jinai ya mwaka 1861 ikajibu kwa kupiga marufuku kutumiwa mahakamani kwa ukiri uliotolewa mbele ya polisi. Mwaka 1872 James Fitzjames Stephen aliihamishia marufuku hiyo katika Sheria ya Ushahidi ya India, vifungu vya 25 na 26. Uingereza yenyewe haikuwa na marufuku ya namna hiyo. Huko jaji alipima hiari ya msemaji, basi. Marufuku kamili ilitungwa kwa ajili ya koloni, na aliyelengwa alikuwa askari mzalendo wa koloni hilo.

Stephen alikuwa na maelezo yake kuhusu kiini cha tatizo. Katika historia ya sheria ya jinai aliyoichapisha mwaka 1883 anasimulia kwamba afisa mmoja mzoefu wa India alimweleza kuwa mateso hayo yalisababishwa zaidi na uvivu kuliko ukatili: anayeweza kukaa kivulini na kumtia mtuhumiwa pilipili machoni hana haja ya kuhangaika juani akitafuta ushahidi. Kejeli ya kikoloni imo ndani yake, lakini hoja yenyewe ina uzito kwa mtafiti wa upelelezi. Pale ambapo maneno ya mtuhumiwa yanatosha, alama za vidole, damu na silaha huwa mapambo ya jalada.

Hata hivyo, marufuku hiyo iliachiwa mlango. Kifungu cha 27 kiliruhusu sehemu ya maneno ya mtuhumiwa aliye mikononi mwa polisi ipokelewe endapo yamesababisha jambo fulani kugunduliwa. Mlango huo ulipanuliwa na polisi mpaka mwaka 1946, katika shauri la Pulukuri Kottaya, ambapo Baraza la Faragha jijini London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni, liliuwekea kizingiti. Mfano wake ni wa kisu. Mtuhumiwa akisema kwamba ataonyesha kisu alichokificha kwenye paa la nyumba yake, na kisu kikapatikana, maneno hayo hupokelewa. Akiongeza kwamba ndicho alichomchomea marehemu, nyongeza hiyo hukataliwa. Kilichogunduliwa ni kwamba mtuhumiwa alijua kisu kilipo. Kama kisu hicho kiliua, hilo ni la kuthibitishwa kwa njia nyingine. Kwa maoni ya mwandishi, hapa ndipo sheria ilipoukaribia zaidi uchunguzi wa kitaalamu: ililazimisha kitu kizungumze mahali pa mtu.

Sheria za India zilianza kutumika katika himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki, Kenya ya baadaye, kwa amri ya mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1920. Kenya ilitunga Sheria ya Ushahidi yake mwaka 1963 na Tanzania mwaka 1967, zote zikibeba mifupa ya kazi ya Stephen. Mwaka huohuo wa 1967, katika rufaa ya Tuwamoi iliyotoka Uganda, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilielekeza kwamba ukiri uliokanwa upokelewe kwa tahadhari, na kwa kawaida uungwe mkono na ushahidi mwingine, ingawa mahakama ikiridhika kwamba ni wa kweli inaweza kuutegemea peke yake.

Baada ya hapo nchi hizi mbili ziliachana njia. Mwaka 1980 Tanzania ilikiandika upya kifungu cha 27 cha sheria yake, na tangu hapo maelezo ya hiari mbele ya afisa wa polisi, yaani mwenye cheo cha koplo au zaidi, yakawa ushahidi halali. Mabadiliko hayo yanaweza kusomwa kama kufuta tusi la kikoloni dhidi ya askari mzalendo, na usomaji huo una haki yake. Lakini tarehe inasumbua. Miaka mitatu tu kabla, mwaka 1977, Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu kutokana na vifo vya watuhumiwa walioteswa na vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga. Tusi lilifutwa kabla jeraha halijapona. Ni Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 iliyokuja kuweka vizuizi: onyo kabla ya mahojiano, kipindi cha msingi cha saa 4 za kuhoji, na uwezo wa mahakama kukataa ushahidi uliopatikana isivyo halali.

Kenya ilikwenda upande wa pili. Marekebisho ya mwaka 2003 yalitaka ukiri utolewe mbele ya jaji au hakimu. Yale ya mwaka 2007 yakamrudisha afisa wa polisi, lakini wa cheo cha juu, na mbele ya mtu wa tatu aliyechaguliwa na mtuhumiwa.

Kati ya koplo na afisa huyo wa Kenya kuna umbali wa vyeo, ila mantiki ni ileile ya Madras: uaminifu hupimwa kwa cheo. Utaratibu wa mlinzi wa amani nchini Tanzania hupima kwa namna nyingine. Kabla ya kuandika neno lolote, yeye humtoa askari chumbani, humuuliza mtuhumiwa alilala wapi usiku uliopita na kama ametishwa au kuahidiwa chochote, kisha humkagua mwili kama una majeraha, na alichokiona hukiandika.