Kutoka Kivugo hadi Mdahalo: Vijana wa Gashonga na Historia ya Kusema, Kusoma na Kuandika

Sisi walimu wa lugha tumezoea kuzitaja stadi nne, yaani kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika, kana kwamba zilizaliwa siku moja na silabasi. Historia haituungi mkono. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki kila stadi iliingia kwa mlango wake na kwa wakati wake, na mara nyingine moja ilikuzwa huku nyenzake zikisahauliwa. Katika makala haya tunaichunguza hali hiyo kwa kutazama sehemu moja ndogo: Gashonga, kusini-magharibi mwa Rwanda.

Gashonga ni sekta ya wilaya ya Rusizi, eneo ambalo kabla ya mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 lilikuwa katika mkoa wa Cyangugu. Ng'ambo ya mto Rusizi ni Bukavu, nchini Kongo. Upande wa kusini ni Burundi. Lugha ya nyumbani ni Kinyarwanda, lakini Kiswahili husikika sokoni na mpakani.

Kabla ya kalamu

Katika Rwanda ya wafalme, vijana walifunzwa katika itorero. Huko walijifunza ngoma, silaha, adabu na ufasaha wa kusema. Kila kijana alipaswa kujua kujitungia icyivugo na kukitamka mbele ya watu: ajitaje jina, asifu silaha yake, asimulie ushujaa wake, bila kukwama. Wanafunzi wetu wa fasihi simulizi watalitambua neno hilo mara moja, kwani katika istilahi zetu tunasema kivugo, au majigambo. Katika Kinyarwanda kuvuga ni kusema, na kwivuga ni kujisema.

Basi stadi ya kuhutubia haikuletwa na shule. Ilikuwapo, tena ilikuwa na walimu na mitihani yake. Hata hivyo, kivugo ni usemi wa mtu mmoja. Wasikilizaji hupima ufundi wa msemaji, hawamdai ushahidi.

Kalamu na katekisimu

Mwaka 1900 Wamisionari wa Afrika, wakiongozwa na Askofu Jean-Joseph Hirth, waliingia Rwanda na kuanzisha misheni ya Save. Mwaka 1903 walifungua misheni ya Mibirizi, mahali ambapo leo ni ndani ya sekta ya Gashonga. Wakati huo Rwanda ilikuwa chini ya Wajerumani, na Kiswahili kilikuwa lugha ya utawala wao. Mfalme Musinga mwenyewe alijifunza Kiswahili. Kumbukumbu ya enzi hiyo imo katika msamiati: Wanyarwanda husema ishuri, nasi twasema shule, na maneno yote mawili yametokana na Kijerumani.

Baada ya Wabelgiji kuiteka nchi mwaka 1916, Kifaransa na Kinyarwanda vilishika nafasi shuleni, na Kiswahili kikabaki zaidi katika mitaa ya miji na njia za biashara. Mwaka 1933 gazeti la Kinyamateka lilianzishwa Kabgayi, na wasomaji wa Kinyarwanda wakapata cha kusoma nje ya vitabu vya dini.

Hata hivyo, tuangalie jinsi kusoma kulivyofundishwa. Kitabu cha msingi cha misheni kilikuwa katekisimu, nayo ni maswali na majibu. Kwa nje yafanana na mjadala, lakini kila swali lina jibu moja lililokwisha kuandikwa, na kazi ya mwanafunzi ni kulikariri. Mbinu hii iliwapa wengi herufi, na hilo si jambo dogo. Haikuwafunza kuuliza, "Umejuaje?"

Sauti isiyojibiwa

Hapa ndipo somo letu linapokuwa zito. Mnamo Novemba 1992, Léon Mugesera alitoa hotuba ya uchochezi huko Kabaya. Mwaka 2016 mahakama ya Rwanda ilimhukumu kifungo cha maisha. Mugesera alikuwa mtaalamu wa lugha. Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa redio ya RTLM iliyoanza kutangaza mwaka 1993, alikuwa mwanahistoria na mhadhiri wa chuo kikuu. Watu hao hawakukosa kusoma, kuandika wala kuhutubia. Stadi hizo walikuwa nazo tele.

Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokimbilia parokia ya Mibirizi waliuawa huko huko. Mahali palipofunza herufi tangu 1903 leo pana kumbukumbu ya marehemu. Hatudai kwamba mbinu ya kufundishia ndiyo iliyosababisha mauaji. Mizizi yake ni ya kisiasa na ni mirefu. Tunachosema ni kwamba ufasaha peke yake haumlindi mtu yeyote, na redio husema bila kujibiwa.

Kusema na kuulizwa

Baada ya hapo Rwanda ilirejea kwenye baraza la kale la gacaca, likapewa sura mpya ya kisheria. Kesi zake zilifungwa rasmi Juni 2012. Mahakama hizo zilikosolewa kwa mengi, hasa juu ya haki za washtakiwa. Lakini kwa jicho la mwalimu wa lugha, zilikuwa na jambo la kuzingatia: mwanakijiji alisimama hadharani, akasema alichokiona, akaulizwa maswali na jirani zake, na karani akaandika. Stadi zote nne zilikutana kwenye majani ya kijiji kimoja.

Darasa la leo

Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Mwalimu wa Kiswahili katika eneo kama Gashonga anapokea vijana ambao tayari wana gusoma na kwandika katika lugha yao. Atasahihisha l na r, atashughulikia ngeli. Lakini akiishia hapo atakuwa amefunza katekisimu nyingine.

Tunapendekeza mdahalo uwe kiini cha somo. Mada itoke karibu, kwa mfano biashara ndogo ya mpakani au kilimo cha mpunga katika bonde la Bugarama. Wanafunzi wasome kwanza, waandike hoja, kisha watetezi na wapinzani wabadilishane pande katikati ya kipindi. Kabla ya kujibu, kila msemaji arudie hoja ya mwenzake kwa usahihi hadi mwenyewe akubali. Mwisho, kila mmoja aandike aya moja kueleza ni hoja gani ya upande wa pili iliyomgusa.

Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na ndilo tunalopaswa kulipa alama nyingi zaidi. Itorero lilimfunza kijana kusema bila kukwama. Sisi tumfunze pia kunyamaza kidogo, akatafakari, na kusema, "Hapo umenishinda."